Fundi Anakula

Nakumbuka mchana mmoja wa Januari, mwanangu, miaka ya tisini hapa Amalemba, shule zikifunguliwa nami nikishona sare za watoto wa nusu ya mtaa. Nilikuwa na mtoto mchanga, Ayuma, na kliniki walikuwa wameniambia hanenepi. Maziwa yangu yalikuwa yanakauka. Kwa nini yakauke sikujua, au tuseme sikutaka kujua, maana cherehani ilikuwa inanisubiri.

Majirani walinisifu, "Fundi hachokangi huyu," nikavimba kichwa. Nadhani kichwa hicho ndicho kitu pekee kilichonenepa nyumbani kwangu.

Basi mchana huo akaja senje, shangazi yangu wa Bukura, na kuku kwapani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikapika ile ingokho, nikasonga obusuma, nikampakulia yeye, mume wangu na watoto wakubwa. Mimi nikabaki jikoni nakwangua ukoko wa ugali sufuriani, mguu mmoja tayari mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyokula siku zote, na niliona fahari.

Senje akaingia kutafuta chumvi, akaniona.

"Kumbe unakulanga umesimama? Hata ng'ombe inalalanga chini ikicheua! Sasa huyu mtoto atanyonya nini, uzi?"

Akanishika bega, akanikalisha kwenye kigoda, akaniletea sahani yake mwenyewe, paja la kuku likiwa bado zima. Mara hodi: mteja amefuata sare. Nikainuka. Mkono wa senje ukanirudisha chini, naye akapaza sauti, "Fundi anakula! Ngoja hapo nje!"

Nililia, mwanangu. Nililia huku natafuna.

Lakini kukalishwa ni rahisi. Kazi ni kujikalisha. Kesho yake senje alikuwa amerudi kwake, na hodi ikapigwa tena nikiwa na tonge mkononi. Nikakaza makalio kwenye kigoda, nikasema, "Ninakula, mama. Ningoje kidogo." Mama yule alisonya, akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Iliniuma. Hata hivyo nilimaliza sahani. Kesho yake nikakaa tena, na wiki ile yote, mpaka mume wangu akazoea kuniita mezani. Maziwa yakarudi, Ayuma akaota mashavu.

Wapo waliosema siku hizi najipenda. Ndiyo, najipenda. Mchuma janga hula na wa kwao, na aliyekuwa akiila njaa yangu ni mtoto asiyejua kusema.

Nawe unayetoka kazini mbio kuwahi watoto, usingoje kazi iishe ndipo ujitazame. Kazi haiishi, hata waliokufa waliiacha. Pakua sahani yako pamoja na za wengine, kisha ukae. Asiyeweza kukungoja, mwache aende, na usimkimbilie. Mungu akujalie chakula, mwanangu, akujalie na ujasiri wa kukaa kitako ukile.