Faiz Alipokuja Malindi Kutalii

Ndugu yangu Faiz ni mtu wa shughuli nyingi sana. Tangu aende kusoma Kampala, amekuwa na majukumu ambayo sisi tuliobaki Malindi, watu wa kukaanga mihogo na kufua mapazia, hatuwezi kuyaelewa. Idi iliyopita alimpigia Mama simu akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa dunia, kwamba hatoweza kuja kwa sababu masomo yamembana. Mama akamwombea dua. Kisha akajaza visheti kwenye kopo kubwa la bati, akaliweka juu ya kabati, akatutangazia kwamba hilo ni la Faiz. Unga wa visheti hivyo niliukanda mimi, Sumeiya, dada yake, mpaka mabega yakaniwaka moto. Sikuwekewa hata kimoja, lakini mimi sisomi Kampala.

Kumbe masomo yana tabia ya kumbana mtu wakati wa Idi na kumwachia baadaye. Idi ilipopita, jioni moja Faiz alikuwa ameketi na wenzake wawili wa chuoni, Odera wa Kisumu na Bridgit wa Nakuru. Bridgit akasema hajawahi kuiona bahari. Odera akasema basi twende. Hawakupanga lolote, walitia nguo mbili tatu kwenye mikoba na kesho yake wakapanda basi la kuja Pwani. Watu waliosoma husema huko ndiko kuishi. Mimi nikiondoka nyumbani namna hiyo, mtaa mzima utanipa jina.

Pwani ni ndefu, na wangeweza kushukia popote. Lakini Faiz alipoulizwa wapi kuzuri, alitaja Watamu kwa sababu ndiko anakokujua, halafu akakumbuka kwamba kutoka Watamu hadi kwa mamake si mbali. Akapata ufumbuzi unaomstahili msomi: alinunua kofia pana ya ukindu na miwani ya jua. Nyumbani hakupiga simu. Hakuwa na nia mbaya, aliniambia baadaye. Ni kwamba akishaonekana kwetu, safari imekwisha, atazungushwa kwa shangazi zake wote na kila nyumba lazima ale, na wenzake walikuja kuogelea. Sababu nzuri kabisa. Ningemwamini zaidi lau asingevaa kofia.

Walikwenda Dabaso kutembea kwenye lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Aliyewaongoza alikuwa Kenga, ambaye mkewe hutuletea nazi, na ambaye amemjua Faiz tangu akikimbia mtaani bila suruali. Faiz akamsalimu kwa Kiingereza. Kenga, mtu wa adabu zake, akamjibu kwa Kiingereza. Akawaonyesha kaa, akawatajia ndege, njiani akaomba radhi apige simu kidogo, akaendelea na ndege. Walipofika mwisho wa daraja akauliza, "Na mamako hajambo, Faiz?"

Faiz akavua miwani. Akamsihi asimwambie mtu.

"Ndugu yangu, nishampigia," Kenga akasema. "Nimempa hongera kwa kufikiwa na mwanawe. Anasema wageni wote mje kula kwake kesho mchana."

Mimi nilikuwepo Mama alipoipokea simu hiyo. Alisikiliza, akashukuru, akaiweka mezani, kisha nikaona kidevu kinamtetema. Nilipandwa na hasira. Nikaanza kueleza nitakachomfanya kijana huyo nikimtia mkononi.

"Mgeni hatukanwi, Sumeiya," Mama akasema. "Nenda katwae samaki wazuri."

Kwetu mgeni huingia kwa mlango wa mbele. Mtu wa nyumbani huingia kwa mlango wa uani, akapitia jikoni akifunua masufuria. Kesho yake mchana Mama alisimama mlango wa mbele amejifunga leso mpya. Faiz akainama, akambusu mkono. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibuni, wageni, karibuni. Habari za safari?"

Akamketisha kwenye kochi ambalo sisi haturuhusiwi kulikalia. Akaniagiza nilete birika na tasa niwanawishe wageni, nami nikammiminia maji ndugu yangu, kidole kwa kidole, naye hakuinua macho. Nilistarehe sana. Wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Mama akamuuliza Faiz wameuonaje mji wetu. Faiz akasema ni mzuri. Alipotaka kuondoa sahani yake, Mama akamzuia, kwa upole, akamwambia kwamba kwake mgeni hafanyi kazi.

Bridgit, aliyekuwa amekula kwa raha na hana habari ya ile simu ya Idi, akaliona kopo juu ya kabati akauliza lina nini.

"Visheti," Mama akasema. "Ni vya mwanangu. Yuwasoma Kampala. Idi hakuweza kuja, masomo yalimbana, maskini. Siku akija atavikuta."

Alisema bila kejeli. Kejeli naijua, ndiyo kazi yangu humu nyumbani, na pale haikuwepo hata chembe. Raha yangu yote ikaniishia. Odera akainamia sahani yake tupu, na Bridgit akatazama huku na huku akitafuta amekosea wapi.

Mama akawasindikiza mpaka barabarani, akawafungia maembe, akawaambia karibuni tena. Aliporudi akapita moja kwa moja hadi uani, akaketi kwenye kibao, akaanza kusugua masufuria. Nilikuwa nasuuza sahani kando yake mlango wa uani uliposukumwa, bila hodi. Alikuwa Faiz, peke yake, viatu mkononi, kichwa wazi.

"Mama, nimekuja."

Mama hakugeuka. "Umekuja lini?"

"Sasa hivi."

Akaendelea kusugua sufuria. "Pipa halina maji," akasema.

Faiz akatwaa ndoo. Alichota mpaka pipa likafurika, na hakuna aliyemwambia basi. Ndipo Mama akapanda kigoda, akalishusha kopo, akamfunulia. Visheti vilikuwa vimeshika harufu ya mafuta ya zamani. Faiz akavila hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, huku machozi yakimtoka, na mimi nikapeleka mkono nichukue kimoja tu.

Mama akaupiga kofi. "Viache," akasema. "Mwenyewe amekuja."