Nilivyojifunza toba nikicheza American football Johannesburg

Wakuu, nawasalimu kutoka Johannesburg.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita humu ndani, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimeona niandike kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka namshukuru Mungu.

Yote yamenikuta mwenyewe. Sehemu kubwa inaniaibisha, kwa hiyo mjue sina sababu ya kuipamba.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, fundi cherehani, mtoto wa kwaya tangu nikiwa mdogo. Nina urefu wa futi sita na inchi nne, na upana wa kuendana nao. Nikikaa kwenye cherehani watu hucheka, inaonekana kama kichezeo.

Nilifika South mwaka 2013. Nikapanga chumba Alexandra, mbele yake nikaweka kibanda cha kushonea. Alex ni township iliyobanana kweli kweli, imepakana na Sandton ya matajiri. Nilipapenda. Nilishona sare za shule, suti za harusi, makoti ya winter. Watu walinizoea, watoto wakawa wananiita "Tanzania".

Halafu ikaja 2015.

Wengi mnakumbuka zile vurugu dhidi ya wageni. Kwetu zilifika asubuhi. Mama mwenye nyumba, mwenyeji wa palepale, alinivuta ndani kwake akafunga mlango, akasimama nje mwenyewe kuwaambia wavamizi kwamba hakuna mtu. Yule mama sitamsahau kwenye sala zangu.

Lakini dirishani niliona. Wakabeba cherehani zote mbili, vitambaa, na nguo za wateja zilizokuwa zimekamilika.

Kilichoniuma zaidi si vitu. Baadhi ya waliobeba niliwatambua. Nilikuwa nimewashonea.

Nikahamia mtaa wa Observatory, nikaanza upya kwa kushonea chumbani. Kanisa nikapata Yeoville, la ndugu zetu Wakongo, ibada kwa Kiswahili chao kitamu. Mchungaji wetu, Byamungu, ni mtu wa Bukavu ambaye wiki nzima analinda geti la jengo la ofisi na Jumapili anahubiri. Nikaingia kwaya, sauti ya besi.

Kwa nje nilikuwa nimepona. Ndani nilikuwa nimejiapiza kwamba mtu wa Alex kwangu atabaki mteja tu.

Sasa football imeingiaje hapa?

Mwaka 2016 mzee mmoja Kaburu, tumwite Kocha Hennie, aliniletea mzigo wa jezi zilizochanika. Alipoona nilivyosimama kumpokea, akasahau jezi. Akaniuliza urefu, uzito, na kama magoti yangu ni mazima. Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema hata fundi ana mabega.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uwanjani nimevaa helmet.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, msiogope, nitaeleza kidogo tu.

Kuna mchezaji mmoja anaitwa quarterback. Yeye ndiye anayerusha mpira, macho yote yako kwake. Akiwa anatumia mkono wa kulia, wakati wa kurusha anageuka, na upande wake wa kushoto anakuwa haoni kitu. Adui wakubwa wanakuja mbio kutokea upande huo kumwangusha.

Kazi yangu ilikuwa kusimama upande huo na kuwazuia.

Basi. Mpira sigusi, sifungi, jina langu halitajwi. Nikifanya kazi vizuri hakuna anayeniona.

Nilipomweleza Mchungaji Byamungu alifurahi sana, Jumapili akaitumia kwenye mahubiri. Akasema hayo ndiyo maombezi, unasimama pale ambapo mwenzako haoni, naye hajui hata umemkinga na nini. Wamama wa kanisa wakaitikia amina, ingawa nadhani nusu yao walidhani ni mpira wa miguu.

Kwa mara ya kwanza tangu 2015 nilijisikia nina kazi ambayo Mungu amenipa pamoja na huu mwili wangu.

Mwaka 2017 tukapata quarterback mpya. Thabo. Kijana mwembamba, mcheshi, mlokole. Kabla ya kila mechi alikuwa anatupigisha magoti tunashikana mikono, anaomba kwa maneno machache, halafu anasema "sharp" badala ya amina.

Tulielewana haraka. Alikuwa ananitafuta baada ya mazoezi tunakaa kwenye nyasi, naye ananiita Tanzania, anaulizia habari za nyumbani, kama kweli kuna mahali Tanzania kuna baridi.

Siku moja akataja kwamba anatoka Alex. Sikumwambia kwamba niliwahi kuishi huko.

Ikaingia winter. Jumamosi moja ya mechi Thabo alifika amevaa koti la kijivu. Akalivua, akalitundika kwenye uzio karibu na mimi.

Wakuu, fundi anajua mkono wake.

Ndani ya kola kulikuwa na utepe wa kitenge cha njano. Kila koti nililoshona Alex nilitia utepe huo, niliukata kwenye doti aliyonipa mama nilipoondoka nyumbani. La kijivu nilikuwa nimeshona moja tu, la mteja aliyechelewa kulifuata. Lilikuwa ukutani siku ile waliyokuja.

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji.

Nilipaswa kumuuliza. Ingenichukua dakika moja. Sikumuuliza.

Tukapiga magoti, tukashikana mikono. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wake. Akaomba Mungu atulinde sisi na wapinzani wetu. Akasema sharp. Nami nikasema amina kwa mdomo.

Kipindi cha pili, mpira ukatoka. Jamaa wa upande wa pili akaja mbio upande wangu. Nilikuwa nimemzuia mchana kutwa, nilikuwa namweza.

Nikampisha.

Nilisogeza mguu wa kushoto kana kwamba nimeteleza, naye akapita. Thabo alikuwa ameinua mkono kurusha, ametazama mbele. Hakumwona kabisa.

Niliusikia mlio. Mfupa wa mtulinga ulikatika.

Nilichotaka ni aanguke tu, aonje kidogo. Nayaandika haya nikijua hayanisafishi.

Walipombeba kumpeleka kwenye gari, alinitafuta kwa macho. Nilidhani amejua. Kumbe alitaka kuniambia nisijilaumu, kwamba nyasi zilikuwa na maji na kila mtu huteleza.

Wenzangu wote wakawa wananipigapiga mgongoni kunifariji. Kocha Hennie naye akasema hata miti mikubwa huteleza. Kila aliyenipa pole alikuwa ananichoma bila kujua.

Jumapili kwaya ikasimama kuimba. Besi haikutoka. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Baada ya ibada nikamfuata Mchungaji, nikamweleza vyote, koti, mguu, mfupa.

Nilitegemea ataniwekea mikono aniombee. Hakufanya hivyo. Alinikazia macho.

"Ndugu, kuomba tutaomba," akasema. "Lakini ule mutu uliyemvunja si mimi. Enda kwanza umuone, kisha urudi kuimba."

Nikamwambia naogopa kurudi Alex. Akasema anajua, ndiyo maana atanisindikiza mpaka kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari, ya kuingilia, atanisubiri hapo.

Na kweli, alisimama hapo kwenye taa za barabarani na koti lake la ulinzi, muda wote.

Nilikuwa sijakanyaga Alex miaka miwili. Nikamkuta Thabo amekaa nje kwao kwenye kreti, mkono umefungwa kifuani, anaota jua. Aliponiona akafurahi, akataka kuinuka.

Nikamwambia akae. Nikasema, "Thabo, sikuteleza. Nilimpisha makusudi."

Hakuelewa. Ikabidi nirudie. Nikamweleza kibanda changu kilikuwa mtaa gani, nikamweleza kuhusu kitenge cha kwenye kola.

Uso wake ulibadilika taratibu. Akaniuliza kwa nini sikumuuliza. Nikakaa chini karibu na kreti lake.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Kaka yangu ndiye aliyelileta nyumbani. Nilijua limetoka wapi. Sikujua ni kwa nani, lakini nilijua. Kulikuwa na baridi, nikalivaa."

Akaingia ndani, akalitoa, akaniwekea mapajani. Nikamwambia abaki nalo, akakataa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini bila hasira, "Sasa nenda nyumbani, Tanzania."

Hakusema amenisamehe. Nami sikustahili kumdai hilo.

(Mteja mwenyewe wa koti nilimtafuta baadaye nikampelekea. Mzee alilivaa palepale, akaniuliza mafundi wa Tanzania huwa wanachelewesha nguo za watu miaka mingapi.)

Jumanne nilimweleza Kocha Hennie mbele ya timu nzima. Kuna waliotaka nifukuzwe, na sikuwalaumu. Kocha alisema sitacheza, lakini nikitaka naweza kuja kufua jezi na kubeba maji. Nadhani alitegemea nitaondoka zangu.

Nilibaki. Nilifua, nilishona zilizochanika, nilibeba maji. Baadhi ya wachezaji waliyapokea bila kuniangalia. Usiku sikuwa na amani kamili, lakini kwaya nilirudi na besi ilitoka. Nilikuwa nimemaliza sehemu yangu, iliyobaki ilikuwa ya Thabo na Mungu wake.

Kwa Thabo nilikuwa natuma salamu kila Jumapili kwa simu. Hakujibu. Alikuwa anafanya kazi ya kupakia mizigo, na kwa bega lile hakuweza kuinua kitu wiki nyingi.

Miezi mitatu ikapita.

Siku hiyo tulikuwa mazoezini mchana, jua limeanza kuwa kali. Thabo akaingia uwanjani na helmet yake mkononi. Wote wakamkimbilia. Mimi nilibaki kwenye ndoo za maji.

Kocha akaanza kupanga watu. Alipofika upande wa kushoto wa Thabo akamtaja kijana mwingine aliyechukua nafasi yangu.

Thabo akasema, "Hapana, kocha. Namtaka Tanzania."

Kocha akamuuliza kama ana uhakika, kwamba bega bado ni bichi. Thabo akajibu kwamba mtu aliyekuja mwenyewe Alex kumwambia ukweli wakati hakuna aliyemshuku, huyo ndiye anayemtaka mgongoni kwake.

Nilivaa helmet haraka ili wasione machozi. Vile vyuma vya mbele vinasitiri sana.

Mpira ukatoka. Jamaa mmoja wetu mwenye nguvu akanijia mbio. Nilimzuia kama sijawahi kumzuia mtu maishani. Nyuma yangu nikasikia mpira umeondoka mkononi mwa Thabo, ukaenda mbali na ukadakwa.

Nilikuwa nimesoma tangu utoto habari za yule mtume aliyemkana Bwana wake, halafu akakabidhiwa kondoo wa Bwana huyohuyo. Niliifahamu kwa kichwa. Siku ile niliielewa kwa mabega. Kusamehewa si kuambiwa tu "yameisha". Ni kupewa tena kitu ambacho unaweza kukiharibu.

Tumecheza pamoja mpaka mwaka huu wa 2019, magoti yangu yameanza kugoma. Thabo hajavunjika tena mfupa, na yale ambayo nilimkinga nayo mengine hata hayajui. Kaka yake pia tulikutana. Hakuwa na maneno mengi, aliangalia chini, akaniuliza kama ninafundisha kushona. Hiyo bado tunaijadili.

Nilichojifunza, wakuu, kwanza ni kwamba unaweza kumshika mtu mkono kwenye sala na bado ukawa umemfungulia adui mlango. Mimi nilifanya hivyo. Na pili, ukikosa, usimalizane na Mungu peke yake kama kuna binadamu uliyemuumiza. Mfuate. Ukiogopa, tafuta mtu wa kukusindikiza hata mpaka kwenye robot.

Namshukuru Mungu kwa mama mwenye nyumba, kwa Mchungaji aliyekataa kuniombea haraka haraka, na kwa Thabo kuliko wote.

Kwa wale wenye uzoefu wa kusamehewa na mtu ambaye alikuwa na kila haki ya kukukataa, naomba mtiririke hapa chini, nataka kujua ninyi mliupokeaje. Na wenye maswali ya American football pia karibuni, ila ya magoti muulizeni daktari.