Kipenga na Wifi Yake Wapimwa Moyo

Mtaani walimwita Kipenga, kwa kuwa alifundisha michezo shuleni kwa miaka thelathini, na hata alipostaafu aliendelea kuwapulizia kipenga waliokatiza kwenye bustani yake. Mwanamke wa namna hiyo akisimama katikati ya ngazi, mkono kifuani, anahema, nani atamwamini?

Wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, hakumwamini hata kidogo. "Kifua chenyewe kinabana siku ya kufua tu," alisema.

Kipenga akaenda hospitali. Wakampitishia mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wakaingiza dawa ya rangi, wakapiga picha. Mishipa mikubwa ilikuwa safi kabisa. Daktari akamshauri apunguze mawazo. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini maumivu hayakukoma. Miezi mitatu baadaye Kipenga akaenda kwa daktari mwingine, mwanamama mpole, na wifi akajipeleka kama shahidi.

"Dokta, huyu anajidekeza," akaanza kabla hata hajakaa.

Daktari alimhoji Kipenga kwa kirefu, kisha akasema, "Ile picha inaonyesha mishipa mikubwa. Midogo kama unywele haionekani. Inabidi tupime damu inavyopita humo."

Kipenga akamkodolea wifi macho ya ushindi, uchokozi ukampanda. "Basi mpimeni na huyu. Hamalizi dakika tano kwenye mashine ya kutembea."

"Mimi? Itachoka mashine kabla yangu!"

Daktari akaruhusu, wifi akafungwa nyaya za kupima moyo na kupanda mashine. Dakika ya tatu muuguzi aliizima. Wifi alikuwa amelowa jasho, taya linamuuma, na mistari ya moyo wake kwenye karatasi imebadilika. Alipopigwa picha, mshipa mmoja mkubwa ulionekana umeziba karibu wote. Kipenga, aliyetaka mzaha tu, alikaa kwenye benchi la nje, anang'ata kucha, mpaka wakamaliza kumwekea wifi kijibomba cha waya cha kuutanua mshipa.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Kipenga. Walimpitishia waya wenye kipimo kwenye mshipa wa moyo, wakampa dawa ya kuifungua mishipa midogo. Haikufunguka ipasavyo.

"Hukuwa unajidekeza, mama," daktari alimwambia. "Ugonjwa upo, na dawa zipo."

Kipenga akapiga kigelegele palepale kitandani. Muuguzi hakuwa amewahi kuona mtu anaupokea ugonjwa kama bi harusi.

Siku hizi wawili hao humeza vidonge vyao meza moja, kila mmoja akiringia maradhi yake.

"Mwenzio nilizibwa mshipa mkubwa," wifi hujigamba.

"Wako hata kipofu angeuona, wifi yangu. Wangu umetafutwa na mabingwa!"

Juzi mume, kwa kuona wivu, akajaribu kusema kwamba naye kifua kinamwelemea kidogo. Wote wawili wakaweka vikombe chini.

"Vaa viatu," wakamwambia kwa pamoja.