Upendo na Mtu Aliyesimama Peku

Akili yangu inakataa mpaka sasa. Upendo, wakili mwenzangu wa miaka kumi na moja hapa Kinondoni, alianguka Jumanne akipanda ngazi za ofisi. Tulipofika hospitali alikuwa ameshatuacha.

Nimechoka, jamani. Tangu asubuhi nashika simu yake, kila mteja anauliza kama ni kweli.

Alikuwa mbishi huyu. Ukimwambia ugali umeiva, atataka kujua nani kauonja.

Kesi iliyomkaa rohoni ni ya Issa, fundi wa kuchonga milango Chang'ombe, aliyefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi. Mama mmoja mwenye duka alimgusa bega kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapompanga mshukiwa na watu wengine ili shahidi amtambue. Ushahidi mwingine hamna.

Faili la rufaa lilianzia kwangu. Nilisoma mwenendo wote wa kesi nikaandika: hakuna hoja. Naona aibu kulisema hapa, ila ndivyo ilivyokuwa.

Upendo akalisoma huku anakula mihogo. Akanigeuzia ukurasa mmoja.

"Hebu soma hapa, braza."

Shahidi, yule mama mwenye duka, alisema: walipangwa wanaume tisa, nikamgusa yule aliyekuwa peku.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Mahabusu wanavuliwa viatu, wewe. Hao wanane wameitwa kutoka barabarani na ndala zao. Hata mie ningempata."

Mimi nilikuwa nimeipita sentensi ile kama tangazo la ukutani.

Na hakumchukia yule mama. "Hajadanganya," alikuwa akisema. "Walimpangia jibu."

Jana msibani, kule Wazo, alikuja mama yake Issa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Rufaa ni Jumatatu, baba," akasema taratibu. "Sasa nani atamsemea mwanangu?"

Nilitaka kumwambia tutaomba iahirishwe. Ndiyo kawaida wakili akifariki, na kusema kweli ningefurahi kupumua. Lakini Issa yuko ndani mwaka wa sita.

"Mimi, mama," nikamjibu.

Upendo, naogopa. Jaji ataniuliza maswali ambayo wewe ungeyajibu bila hata kufungua karatasi. Nimeshinda na maandishi yako leo, safari hii neno kwa neno, na nimelia pale ulipoandika pembeni, "Sisitiza pole pole, usigombe."

Sitagomba. Umechoka kuliko sisi wote, dada yangu, lala sasa. Jumatatu saa tatu nitasimama mimi.