Picha Aliyoifunga Jeom-rye

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kufungua kabati la mama mkwe wangu.

Seo Jeom-rye alikuwa mwanamke wa kuweka vitu. Aliweka mifuko, kamba, vifuniko vya chupa, hata hasira. Lakini alichokitunza kuliko vyote ni picha yake ya mazishi, ile ambayo kwetu mtu huipiga mapema ili iwekwe mbele ya waombolezaji siku akifa. Aliipiga akiwa na miaka sitini na nne, mpiga picha alipokuja kwenye ukumbi wa kijiji na wazee wakajipanga na nguo zao nzuri. Yeye na mumewe walipigwa mmoja baada ya mwingine, kwenye kiti kilekile. Yeye alivaa hanbok ya zambarau, vazi letu la jadi, akatabasamu kidogo tu, meno yasionekane.

Mzee, mumewe, alikataa katakata yake ifichwe. "Nitundikeni ukutani," alisema, "nione nani anakula nini." Ikatundikwa kwenye ukuta wa katikati ya nyumba, juu ya mlango wa jikoni. Mwaka uliofuata akafariki. Picha ikaenda mazishini na kurudi palepale. Moshi wa samaki ukaipata, mimi nikaipangusa nilipokumbuka.

Ya Jeom-rye ililelewa kama yai. Kwanza alitoa ukingo wa kadibodi uliotenganisha picha na kioo, akidai unaifanya picha ichezecheze. Akaibana picha mpaka ikagusa kioo, akaizungushia fremu nailoni, akaziba kwa utepe wa gundi na kuisukumia nyuma kabisa ya kabati, upande wa ukuta wa nje. Kila msimu wa mvua nilimwuliza kama tuifungue ipate hewa.

"Hewa ya nini? Imekwambia inakosa pumzi?"

Ningeshindana na Jeom-rye, ningekula kabichi ya kimchi peke yangu jikoni wiki nzima.

Alipofika themanini na sita, homa ya mapafu ikamlaza hospitali. Aliporudi aliniagiza nimletee ile picha aione. Nikakata nailoni kwa mkasi. Ndani kulikuwa na matone ya maji kama kwenye mfuniko wa sufuria. Ukungu ulikuwa umekula paji la uso na mdomo wote, na sehemu iliyobaki imegandia kwenye kioo.

Mama akaiinamia. Alianza kuibandua kwa ukucha, nikamshika mkono.

Tulimpelekea Bwana Pyo, fundi wa fremu pale sokoni. Aliigeuza, akaguna.

"Nani kaibana hivi?"

"Mimi," alisema Mama, kidevu juu.

"Bibi, umeinyonga. Hii usiibandue, ukiivuta sura yako inabaki kwenye kioo. Naweza kuipiga picha ilivyo, halafu mdomo nikautengeneza kwenye kompyuta. Lakini utakuwa mdomo wa kubuni."

"Wa kubuni nawe? Wewe wako tu unanuka pombe ya soju."

"Basi tupige mpya."

"Ng'o!"

Njiani kurudi, tukiwa kwenye teksi, ndipo alipolitoa la moyoni. "Mzee alikufa ananijua kwa sura ile. Nikimwendea na hii, imenyauka kama figili ya kuanikwa, atanipita njiani. Atadhani ni mama yake."

Nilicheka. Kisha nikaona analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika Mzee. Nilimpenda sana saa ile, na hayo hayakuwa mazoea yangu.

Asubuhi yake nilikuwa napangusa picha ya Mzee. Maji unayatia kwenye kitambaa, si kwenye kioo, maana yakichuruzika yanaingia ndani ya fremu. Mama alikuwa amekaa chini yangu, akimenya vitunguu saumu.

"Mama," nikasema, "tupige mpya, tuitundike hapa ubavuni kwa Mzee. Awe anaiona kila siku. Mpaka wewe uende, atakuwa keshaizoea."

Kisu kikasimama.

"Atanicheka."

"Acheke sasa, amalize."

Bwana Pyo aliipiga na kuiwekea fremu. Aliweka ukingo wa kadibodi ili uso usiguse kioo, na nyuma, kwenye kila pembe, akabandika kipande cha kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Safari hii Mama alicheka mpaka ufizi ukaonekana. Jirani yetu Gil-ja alipoiona alishika mashavu.

"We Jeom-rye! Mtu mzima na roho yake anatundikwa pamoja na marehemu? Huo mkosi!"

"Mkosi uko kwenye nailoni. Kaa ule."

Tangu siku hiyo alikuwa akisimama chini ya zile picha mbili na kumweleza Mzee sura yake, kipande kwa kipande. "Mvi hizi ni za mwanao, aliyeuza ng'ombe bila kuniuliza. Jino la hapa niling'oa mwaka wa mafuriko. Kunyanzi hizi zote za upande huu ni za mkweo." Mimi nikiwa jikoni, nasikia kila neno, kama alivyokusudia.

Aliishi majira mengine mawili ya baridi. Siku ya kuichukua picha yake kwenda nayo mazishini, nilipanda kiti, nikajikuta uso kwa uso na Mzee.

"Baba," nikamwambia, "anakuja. Ni huyuhuyu."