Kofi la Fundi wa Matairi

Fundi wa matairi wa hapa Mbulu akimaliza kazi hulipiga tairi kofi dogo, kama anayemtuliza ndama, kisha husema, "Limekubali." Sauti yake ni laini mno, nami humtilia shaka. Jana, kwenye gari langu lenye injini kubwa, alifunga mbele matairi yenye meno ya kushika matope; nyuma akaweka ya mtumba, yaliyolika.

"Hayafanani," nikamwambia.

"Bosi, barabara haiangalii sura."

Mvua ilikuwa imenyesha, na mama yangu alishakaa kiti cha nyuma, tayari kwa mteremko mkali wa Magara.

"Basi panda, twende wote mpaka chini," nikamwambia fundi.

Kofi likaishia hewani. Akajifuta mikono, akapiga magoti nyuma ya gari, akaanza kulegeza nati.