Mbweha Aliyeingia kwa Bi Moza

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Zuwena, na leo nnaiandika nikiwa na hasira, sifichi. Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, na nasaha kwa kawaida huachiwa wenye mvi. Lakini neno ulilolitamka asubuhi mbele ya binamu zako waliokimbilia kwetu juzi siwezi kuliweka mpaka nizeeke. Ulisema, "Mimi silali na wakimbizi." Una miaka sita. Neno hilo hukulizua wewe. Umeliokota kwa wakubwa wanaokunywa kahawa yangu humu humu ndani, hapa Matrah, na hao nao nitawaambia yao. Wewe utayasoma haya herufi zikishakukaa sawasawa. Kwa leo nitakusomea mimi.

Basi sikiliza. Ulikuwa hujaanza kutembea, unatambaa tu kama kaa. Tulikuwa tunakaa Mawaleh, kijiji cha Waarabu nje ya mji huu, nyumbani kwa Bi Moza, shangazi yake babu yako, ambaye baba yako hakuwa amepata kumtia machoni kabla ya siku tuliyofika kwake kutoka Unguja. Baba yako alishapata kazi hapa Matrah, akija Ijumaa kwa Ijumaa. Mawaleh ilikuwa bustani za mitende na ndimu, visima, na baada ya hapo uwanda wa changarawe mpaka milimani. Mimi nilikuwa na wewe, na Bi Moza, na kuku.

Kuku wale si wa kuwachezea. Homa ilikuwa imenikausha maziwa, nawe ukiishi kwa maziwa ya mbuzi na mayai. Sasa akatokea mbweha, mdogo, rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko uso. Kila asubuhi naamka nakuta manyoya. Ukimchukulia mama chakula cha mwanawe, umemtafuta. Nilimfuata nyayo mwenyewe, juani, mpaka nikaliona pango lake kwenye korongo.

Salim, mtoto wa ndugu yake Bi Moza, alikuwa mkubwa wa chama cha wapanda farasi pale kwetu. Kila Alkhamisi alasiri walitoka uwandani kusaka mbweha kwa mbwa wao wembamba wa Kiarabu, na mara nyingine Wazungu wawili watatu wa kambi ya mafuta wakaungana nao. Mbweha haliwi. Walitaka mbio tu, na wenye mbuzi na kuku wakapumua. Walipopita mlangoni petu nikatoka.

"Salim, pango lake nnalijua mimi. Nipe farasi niwaonyeshe."

"Bibi wa Unguja!" akacheka. "Si utufuate kwa ngalawa?"

Wote wakacheka. Bi Moza akasema kutoka uani, hata kichwa hakutoa, "Mpandisheni Ghazala. Hatamwangusha. Hana nguvu za kumwangusha mtu."

Ghazala alikuwa farasi wake mzee, jike, mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba. Nikakuacha juu ya mkeka uani, nikapanda. Na nikwambie kweli, mwanangu, hasira yangu yote ilipungua njiani. Wale wanaume waliwaimbia farasi wao wakiondoka, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na farasi wakatikisa shingo kama wanaojua wanasifiwa. Upepo ukanipiga usoni. Tangu tuondoke kwetu sikuwa nimecheka peke yangu. Siku ile nilicheka peke yangu juu ya farasi, na nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Nikawaonyesha pango. Mbwa wakaingia korongoni, na mara mbweha huyo, katoka kama kipande cha mchanga kilichorushwa. "Huyooo!" nikapiga ukelele, mimi wa kwanza. Farasi wakachomoka. Alikimbilia milimani, mbwa wakamzuia. Akakata kushoto, wakamzuia. Mwisho akageuka, akazielekea bustani.

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Nilimwona kwa mbali, mdogo kama panya, anaingia mlango wa ua wa Bi Moza, ambao haufungwi mchana kutwa. Mbwa nyuma yake. Farasi nyuma ya mbwa. Na wewe umo uani, chini, juu ya mkeka.

Nilimpiga Ghazala visigino, nikamwomba, nikamtukana. Akaenda mwendo wake ule ule wa kwenda harusini.

Nilipofika, mlango umefungwa. Bi Moza amesimama mbele yake, nje, amekubeba kiunoni, nawe unanyonya ncha ya mtandio wake. Mbwa wanazunguka wakibweka. Salim yuko juu ya farasi, jasho linamtiririka.

"Shangazi, ni mbweha tu. Tumemkimbiza tangu korongoni."

"Najua. Kwa hivyo amechoka. Mwache apumzike."

"Shangazi!"

"Salim, funga mbwa wako. Huyu ni dakhili wangu. Aliyeingia kwangu akikimbizwa hatolewi kwa mkono wangu. Babu yako aliwapa hifadhi watu wabaya kuliko mbweha."

Salim akavuta hatamu. Kwa watu wale neno hilo ni ukuta. Akilisema hata kikongwe, panga hurudi alani. Lakini mimi sikuwa nimelelewa humo. Nilishuka, au tuseme nilianguka kwa miguu, nikakupokonya, nikakukagua kidole kwa kidole. Ulikuwa mzima, unacheka. Basi kinywa changu kikafunguka. Mtandio umenishuka shingoni, wanaume wananitazama, sijali.

"Wewe mama una akili kweli? Anakula chakula cha mwanangu, wewe unamfungia ndani umlinde? Mwanangu alikuwa humo! Mtoe auawe!"

"Mtoto nilimnyanyua kabla mbweha hajafika kwenye mtungi wa maji," akasema. "Naye kajitia jikoni, nimemfungia. Ungetaka niache wazi? Mbweha alikuwa anakimbia tu. Waliokuwa wakimjia mwanao ni mbwa na farasi, na wewe ndiye uliyewapigia ukelele."

Nikazidisha sauti. Nilisema mengi. Aliningoja.

"Umekwisha?"

"Sijesha!"

"Basi maliza, mwanangu. Jua bado lipo."

Hakuna kitu kinachokausha matusi kama mtu anayekungoja. Ndipo akasogea karibu, akaniambia polepole kwa Kiswahili chake, alichokipata ujanani alipokuwa Unguja na mumewe, ili wengine wasifaidi.

"Ulipokuja hapa na tumbo lako, na sanduku limefungwa kamba, majirani waliniambia: Moza, usimwingize, hujui kafanya nini huko alikotoka, utatafutiwa sababu. Mimi niliwajibu nini?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukusikia. Ulikuta mlango wazi, uji uko motoni. Na mimi sikukuuliza umekula kuku wa nani."

"Kwa hiyo mimi ni mbweha?"

"Hasha," akasema, safari hii kwa sauti, na kwa Kiarabu. "Mbweha hajanipigia kelele mlangoni kwangu."

Salim alicheka mpaka akaikumbatia shingo ya farasi. Nami nikacheka, halafu nikalia, wewe ukaniangalia umeshangaa.

Mbwa wakafungwa kamba, wanaume wakanywa kahawa kwa tende pale pale nje, wakaondoka. Magharibi Bi Moza akafungua jikoni na mlango wa ua, tukakaa pembeni. Mbweha akachungulia, akatoka taratibu kama mgeni aliyekwisha kuaga. Alipopita bandani akamnyakua mtetea wangu mmoja, akatimka naye.

"Umeona! Umeona!" nikapiga kelele.

"Nimeona," akasema Bi Moza. "Nilimpa amani. Adabu sikuwa nayo ya kumpa."

Kesho yake Salim alikuja na magogo ya mtende na udongo, akawajengea kuku banda lenye mlango wa komeo. Bi Moza alisimama kumsimamia akisema, "Mlango wa watu uwe wazi. Wa kuku ndio ufungwe." Hatukupoteza kuku tena.

Sasa sikia, mwanangu. Bi Moza tulimzika mwaka jana, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumlipa. Fadhila kama ile humlipi aliyekufanyia, unamlipa anayefuata mlangoni. Fadhila ya punda ni mateke, wamesema wahenga, nami sikuzaa punda. Watakwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, mpe jembe, hata mimi nilichota maji kisimani siku ya tatu. Lakini siku ya kwanza mpe mkeka, usimpe jina la mkimbizi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: binamu yako Rukia humu ndani hata maji anaomba kwa kunong'ona. Kamba hiyo usiikaze wewe.

Sikwambii kila anayeingia ni mwema. Wengine wataondoka na mtetea. Tia komeo banda lako, linda mali yako, uwe na akili. Ila mtu anayekimbizwa usimtoe, na usimhesabie makosa kabla hajapumua. Na ukikasirika, kama mama yako, kasirika. Lakini akija wa kukungoja umalize, msikilize.

Leo usiku utalala na Rukia godoro moja, na kabla ya kulala utamtaka radhi. Utamwambia kwa mdomo wako, nami nikisikia.

Mungu akupe nyumba, Zuwena, na akupe moyo mpana kuliko nyumba yenyewe. Asikuonjeshe siku ya kusimama nje ya mlango wa mtu na sanduku mkononi. Na akikuonjesha, akukutanishe na mwanamke ambaye uji wake umo motoni, amina.